Maneno Matatu Kwenye Daftari la Theresia

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za chumba namba mbili cha daktari, nikastaafu. Muuguzi aliyezipokea, binti wa miaka ishirini na kitu, aliniomba niandike mambo ya kazi ili wanaoanza wasome. Nikamuuliza mambo gani. "Yoyote, dokta," akasema, "ila si ya semina." Kwa hiyo semina naziruka. Vyeo na mishahara pia naviruka. Viko kwenye faili, na faili lenyewe ni jembamba. Nitaandika zaidi habari za mgonjwa mmoja, kwa sababu kwake nilikosea, na nilikosea kwa mwandiko mzuri.

Nilitoka chuo kikuu nikiwa mbishi. Siandiki hivyo kwa kujisifu. Nilikuwa siwezi kupokea jambo bila kuuliza limetoka wapi, na nikijibiwa nauliza huyo aliyesema alijuaje. Mwaka wa kwanza nilizungushwa. Nilianzia Yaeda Chini, ambako gari letu lilikwama mara nyingi kiasi kwamba nilijifunza kutibu kando ya njia huku dereva akiyachimbua matairi. Kisha nikapelekwa tambarare ya Hanang, kwa wafugaji walionifundisha kwamba mtu anaweza kujibu swali lako kwa heshima zote bila kukuambia chochote. Mwisho nikapandishwa juu, upande wa Mbulu, kwenye kituo cha afya kidogo chenye baridi ya kuuma. Hapo ndipo nilipokaa.

Aliyenipokea pale alikuwa Sista Yuditha, muuguzi mkunga, mama mnene wa kicheko kifupi. Hakuwa mtawa, Sista ni jina la kazi tu. Siku ya pili nilimuuliza kwa nini tunaandika Kiingereza kwenye daftari la mgonjwa wakati mgonjwa anasoma Kiswahili. Mnajua utaratibu wetu: mgonjwa anakuja na daftari lake la shule, tunaandika humo, anaondoka nalo. "Ni lake," nikasema, "limejaa habari zake, na yeye ndiye peke yake asiyezielewa. Hii ni haki?"

Sista akanitazama. "Na wewe utaandika Kiswahili?"

"Ndiyo. Tena herufi kubwa."

"Sawa. Ila ukumbuke daftari lina miguu."

Sikumuuliza maana yake. Labda ndiyo siku pekee ambayo sikuuliza.

Huyo Sista ndiye aliyenifundisha kutumia mikono. Nilikuwa nimesoma kwamba uvimbe fulani ni "mwekundu", na nikawa nautafuta huo wekundu kwenye ngozi za watu weusi kama mimi, na siuoni. Sista akanikamata kiganja, akakigeuza, akauweka mgongo wake juu ya mguu wa mama mmoja. "Vitabu vyenu viliandikiwa watu wengine. Hapa usitafute rangi. Tafuta joto, tafuta ugumu, halafu mtazame mwenyewe usoni ukibonyeza." Tangu siku ile mgongo wa mkono wangu wa kulia ndicho kifaa nilichokitumia kuliko vyote, na hakikuhitaji betri. Ngozi yetu ikivimba hivyo huwa na weusi wa zambarau, kama pale mtu alipojigonga, na baada ya wiki kadhaa hubaki doa kama la jeraha la zamani. Anayetafuta wekundu atamrudisha mgonjwa nyumbani na kumwambia alianguka.

Theresia alikuja msimu wa kuvuna maharage. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, na alishushwa kwenye pikipiki na kijana aitwaye Paskali, mchumba wake. Kila mtu pale kituoni alijua ni mchumba, kwa sababu alimshusha kama anashusha mayai. Hakuweza kukanyaga vizuri. Chini ya magoti, mbele ya miguu yote miwili, alikuwa na vinundu saba au vinane, vikubwa kama limau dogo, vigumu, vya moto. Nilipobonyeza kimoja alinipiga teke. Akaomba msamaha huku anacheka na kulia pamoja.

"Hata shuka likigusa, dokta," akasema. "Usiku nalala miguu nje."

"Umeumwa koo hivi karibuni? Unakohoa? Kuna dawa unatumia? Mjamzito?"

Kwa swali la mwisho alitazama dirishani, ambako Paskali alikuwa amesimama na pikipiki. "Sijamkaribia mtu," akasema taratibu. Kwa mengine alikataa yote.

Kisha nikauliza swali langu. Nilikuwa nimesoma karibuni kuhusu urithi, kwamba yapo magonjwa ya uvimbe ambayo mwili wa mtu huyaelekea tangu kuzaliwa. Nilikuwa na hamu nalo. "Kwenye ukoo wenu kuna mwingine aliyewahi kupata hivi? Wa damu?"

Akafikiri. "Dada yangu mkubwa, miaka mitatu iliyopita. Na shangazi, ila huyo zamani sana, akiwa msichana, baada ya kuumwa koo."

Dada, shangazi, na yeye. Wanawake watatu wa ukoo mmoja. Nilihisi kama nimeokota kitu. Nikampa dawa ya maumivu, nikamwambia apumzishe miguu, na kwenye daftari lake, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka upande wa pili wa meza, nikaandika: UGONJWA WA UKOO. Nikapiga mstari chini.

Siku tisa baadaye, asubuhi, aliingia mzee mmoja mwenye koti la suti na mabuti ya shamba. Nyuma yake alikuwa mama mwembamba aliyejifunga kitenge, ambaye alikaa kwenye benchi karibu na mlango bila kusema. Mzee alikuwa Mzee Tluway, baba mkubwa wa Paskali, na ndiye aliyekuwa anapeleka maneno ya posa. Alikuwa mwalimu wa dini miaka mingi, na alisoma maandishi kama mtu anayekagua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akalifungua daftari la Theresia mezani kwangu. Lilikuwa limebaki kwenye koti la Paskali siku ile ya pikipiki. "Huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

"Mzuri. Hata mke wangu asiyevaa miwani ameusoma." Akaweka kidole kwenye mstari. "Sisi hatuna ugomvi na binti. Ana adabu, analima. Lakini kwetu kabla ya kuoa tunauliza kilichomo ndani ya nyumba ile, maana tunachukua mtu pamoja na watoto watakaozaliwa. Tuliuliza majirani wakasema hakuna kitu. Sasa daktari wa serikali anasema kipo. Basi, tumesimamisha."

"Mzee, hiyo ni dhana tu. Ilikuwa..."

"Mbona hukuandika dhana? Umeandika ugonjwa. Na mstari umepiga."

Mimi niliyekuwa nauliza kila mtu alijuaje, nimeulizwa nilijuaje, na nilichokuwa nacho ni watu watatu na furaha yangu. Walipoondoka niligundua kwamba Sista Yuditha alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha sindano muda wote.

"Nenda kwao," akasema.

"Kwenda kuomba radhi?"

"Na hiyo pia. Lakini nenda ukaulize tena. Hapa umeuliza umekaa, yeye anaumwa, mchumba yuko dirishani. Ungejibiwa nini?"

Nilikwenda kesho yake. Nyumba yao ilikuwa mwinuko mmoja kabla ya kufika Bashay, ya bati mbele, na nyuma yake nyumba ya zamani ya udongo, ambayo bibi yao alikataa kuihama. Theresia alikuwa amekaa juani kwenye gunia, miguu imenyooshwa. Alinisalimia bila kunitazama. Habari ilikuwa imefika. Baba yake alinipokea kwa upole ulioniumiza kuliko kama angenitukana; alinipa kiti kizuri, akasema, "Daktari, tueleze tu. Kama ni damu yetu, tujue. Ninao wengine wawili wadogo, wasichana. Nao wasiolewe?"

Nikamwambia sijui, na kwamba niliandika kabla ya kujua. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa mvua imechelewa.

Aliyeleta uji alikuwa mke wa mdogo wake huyo baba, mama mmoja mcheshi anayeitwa Mama Daniel. Aliweka kikombe, akasimama, akasikiliza nikimuuliza Theresia upya vinundu vilianza vipi, na homa ilikuja kabla au baada. Kisha akasema, "Homa ndiyo inatangulia. Halafu magoti yanauma. Halafu ndiyo vinatoka. Mimi vilinikaa wiki sita."

Nikageuka. "Wewe?"

"Eeh. Mwaka nilioolewa. Nilikuwa natembea kama bata, wifi zangu wananicheka."

"Mama Daniel, kwa nini hamkuniambia?"

"Uliuliza ukoo," akasema Theresia kutoka kwenye gunia, na sasa alinitazama. "Uliuliza wa damu. Huyu ameolewa tu hapa. Kwao ni Karatu."

Niliuliza damu, nikapewa damu. Kama ningeuliza nani mwingine kwenye nyumba hii ameumwa hivi, ningeambiwa siku ile ile ndani ya dakika moja. Mama Daniel hakuwa na tone la damu yao.

Nikaweka kikombe chini. "Mwaka ulioolewa ulikuwa unakaa wapi?"

"Kwa mama mkwe. Nyumba yetu ilikuwa haijaisha. Nililala naye."

"Na dada yako, Theresia?"

"Alikuwa analala kwa bibi. Bibi hawezi kulala peke yake, lazima msichana mmoja awe naye, wa kumwashia moto, kumpa maji. Dada alipoolewa nikaingia mimi."

Huko juu kila nyumba ilikuwa hivyo, na hata mimi utotoni nimelala kwa bibi yangu, lakini haikunijia. Msichana huhama kwenda kwa bibi, akiolewa anafuata mwingine, na bibi arusi mgeni hupitia hapo hapo. Ukiwapanga kwenye karatasi utaona wanawake wa ukoo mmoja. Ukienda nyumbani utaona kitanda kimoja.

Kutoka kwenye nyumba ya udongo nikasikia kikohozi. Kilikuwa kirefu, chenye maji, cha mtu aliyekwisha kukizoea.

"Huyo anakohoa tangu lini?"

"Bibi? Ah, huo ni moshi," akasema baba.

"Tangu lini?"

Wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka.

Bibi Anjela alikuwa mdogo wa mwili, amekaa karibu na jiko, na blanketi alilifunga kifuani kwa pini. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza mimi ni wa nani. Nilimpa kikopo cha kutemea makohozi kutoka mkobani mwangu, nikamtoa nje penye hewa, nikamweleza namna ya kukohoa. Majibu ya maabara yalitoka siku ya tatu. Ilikuwa kifua kikuu, tena vijidudu vingi. Theresia tulimpeleka hospitali kubwa kwa kipimo cha ngozi na picha ya kifua, na picha ikaonyesha tezi zilizovimba ndani. Hakuwa na kikohozi hata kimoja. Mwili wake ulikuwa umepata vijidudu na ukapiga kelele miguuni. Wengine hupiga kelele hivyo baada ya kuumwa koo, wengine kwa sababu ya dawa au mimba, na wengine hatujui sababu. Vijana, mkiona vinundu vile, miguu si mahali pa kumalizia. Na kabla hamjampa mtu dawa kali za kutuliza uvimbe, hakikisheni hana kifua kikuu. Mimi sikumpa, lakini si kwa akili, ni kwamba stoo yetu haikuwa nazo.

Sehemu ngumu haikuwa maabara. Nilirudi kumweleza Bibi Anjela, na nilikuwa nimejiandaa kumfafanulia bakteria. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ni mimi niliyewapa?"

Nikaanza kusema ni vijidudu, hakuna anayevipeleka kwa makusudi. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Nilikuwa nawafunika," akasema. "Wakilala nawafunika mpaka kichwani, baridi isiwapate. Hewa yangu yote walikuwa nayo wao."

Theresia ndiye aliyejivuta kwa magongo yake mawili ya miti mpaka pale, akakaa chini kwa shida, akasema, "Bibi, na uji ulinipa wewe. Na hadithi. Acha."

Tulianza dawa, bibi na mjukuu siku moja, na wale wadogo wawili tukawapima. Ndani ya wiki mbili vinundu vya Theresia vikaanza kulainika. Lakini uchumba ulikuwa bado umesimama, na aliyeusimamisha ni mimi.

Nilimpelekea ujumbe Mzee Tluway. Alikuja na yule mama mwembamba, ambaye alikaa benchi lile lile. Nilieleza kila kitu: bibi, kitanda, Mama Daniel wa Karatu. Mzee alifuata vizuri, hata akaniuliza swali zuri. "Waliolala kwa huyo bibi ni hao watatu tu?"

"Wapo wengine wawili. Binamu."

"Nao walivimba?"

"Hapana."

"Na yule shangazi wa zamani?"

"Yeye ilikuwa koo."

Akatoa daftari. "Vizuri. Sasa futa uliyoandika, uandike hapa: haurithiwi. Kwa Kiswahili chako kile kikubwa. Nikawaonyeshe wazee, tumalize."

Sista Yuditha alipita nyuma yangu na trei, akanong'ona bila kusimama, "Andika, baba. Nani atakufuatilia?"

Nilishika kalamu. Neno moja, na binti anaolewa. Nilitaka neno hilo liwe kweli. Lakini wawili walilala kitanda kile kile, wakavuta hewa ile ile, na hawakuvimba. Shangazi alivimba kwa koo tu, bila kikohozi cha bibi. Huenda kweli katika damu ya nyumba ile kuna wepesi wa mwili kuwaka namna ile ukiguswa na ugonjwa. Huenda haupo. Mara ya kwanza niliandika nisichokijua kwa sababu ya furaha, na sasa niliombwa niandike nisichokijua kwa sababu ya huruma.

Nilikata maneno yangu matatu kwa mstari mmoja ili bado yasomeke, na chini yake nikaandika: "Nilikosea. Uvimbe huu umeletwa na maambukizi ya kifua kikuu, na anatibiwa. Huenda baadhi ya watu huzaliwa na mwili mwepesi kuvimba hivi. Kama yeye ni mmoja wao, sijui. Akipona maambukizi, uvimbe unaondoka. Hakuna kinachomzuia kuolewa wala kuzaa." Nikaweka sahihi.

Mzee akasoma mara mbili. "Hiyo 'sijui' iondoe."

"Siwezi, mzee."

"Daktari wa chuo kikuu anaandika sijui?"

"Ningeiandika mara ya kwanza, tusingekuwa hapa."

Alilifunga daftari. Hakukasirika, alichoka. "Umenipa karatasi ambayo siwezi kuipeleka popote," akasema, akatoka. Yule mama wa benchi alisimama, akanitazama kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa, kisha akamfuata.

Siku hiyo sikula. Sista hakunilaumu, aliniletea chai na kusema, "Basi," na sikujua ni basi ya namna gani.

Jumatatu, kliniki ya kifua kikuu, Theresia alikuwa amekaa nje akisubiri dawa zake. Kila mgonjwa alitakiwa awe na mtu wa kumwona akimeza, na kwake alikuwa baba yake, aliyekuwa anaacha shamba kila asubuhi. Nilikuwa naandika kadi nilipoona kivuli mlangoni. Alikuwa yule mama mwembamba, peke yake, na mabuti makubwa ya kiume miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ni Mama Paskali. Siku zile sikusema kwa sababu alikuwa anasema shemeji." Akakaa. "Nimekuja niandikwe. Mimi ndiye nitakayemwona Theresia akimeza."

"Mama, dawa ni za miezi sita."

"Kutoka kwangu hadi kwao ni mteremko mmoja. Nitaweza."

"Na Mzee Tluway?"

"Shemeji yangu anataka karatasi isiyo na sijui. Mimi nimezaa saba, daktari. Hakuna hata mmoja niliyejua anakuja na nini." Akakifunga kitenge chake upya. "Harusi ipo. Ataambiwa. Sasa nina neno langu."

"Sema, mama."

"Watoto wao wakizaliwa, wasichana watalala kwangu. Ndivyo ilivyo. Na mimi kipindi cha baridi nakohoa, nasema ni baridi, nasema ni moshi." Akanyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi. "Nipe na mimi hicho kikopo."

Nilimpa. Nikataka kutoka naye kumwelekeza, lakini foleni ilikuwa ndefu, na Theresia alikuwa ameshasikia. Niliwaona kupitia dirishani, nyuma ya jengo, penye upepo. Mama Paskali alijaribu, akatema mate, akatazama ndani ya kikopo kwa aibu. Akajaribu tena.

"Hapana, hayo ni mate," Theresia akasema. Alikuwa amesimama bila magongo, ameegemea ukuta. "Vuta pumzi kwanza. Zaidi. Shika hapa tumboni. Sasa toa kutoka chini kabisa, mama."